Walimkamata Mla Rushwa, Hela Kubwa Ikapita na Sheria

Ukianza tu kuongelea ufisadi wa Marekani baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, lazima mtu akuletee William Tweed, kigogo wa chama cha Democratic aliyeishika siasa ya jiji la New York. Na ni kweli jamaa alikuwa mpigaji wa kiwango cha juu, jengo la mahakama lililotengewa dola 250,000 likaja kula kama milioni 13, fundi plasta mmoja akalipwa dola zaidi ya 133,000 kwa kazi ya siku mbili, yaani hapo hata mkaguzi aliyelala anashtuka. Lakini Tweed alikamatwa. Alitoroka hadi Hispania, akatambuliwa kwa katuni aliyochorwa na Thomas Nast, akarudishwa na akafia jela 1878. Upigaji wake una risiti, una sura, una mtu wa kumchora gazetini.

Mimi hanisumbui sana huyo. Wanaonisumbua ni wale ambao kipindi hichohicho walihamisha hela nyingi kuliko Tweed na wenzake wote wakijumlishwa, na hawakuvunja kifungu hata kimoja cha sheria kwa sababu sheria yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo.

Chukua Februari 1873. Washington nzima masikio yako kwenye kamati ya Bunge inayochunguza Crédit Mobilier. Mchongo wenyewe ulikuwa rahisi: wakubwa wa kampuni ya reli ya Union Pacific walijitengenezea kampuni yao nyingine ya ujenzi, ndiyo hiyo Crédit Mobilier, wakaipa tenda, halafu wao wenyewe wakajiandikia bei wanayotaka, na anayelipa mwisho wa siku ni serikali kwa hati fungani zake na ardhi iliyogawa bure. Ili Bunge lisiulize maswali, mbunge Oakes Ames wa Massachusetts akagawa hisa kwa wabunge wenzake kwa bei ya kutupa, wengine hata hela ya kununulia hawakutoa, gawio lilikuja kulipia hisa zenyewe. Na aliandika kwa mkono wake kwamba anazipeleka hisa pale zitakapofanya kazi nzuri zaidi. Gazeti la Sun la New York lililipua bomu Septemba 1872 katikati ya kampeni, na jina la makamu wa rais Schuyler Colfax likawemo humo.

Matokeo? Ames na mwenzake James Brooks wakapewa karipio. Basi. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyefungwa, na James Garfield ambaye alihusishwa na gawio la dola 329 alikuja kuwa rais wa nchi miaka minane baadaye.

Sasa mwezi huohuo, tarehe 12 Februari, wakati watu wanahesabu dola 329 za Garfield, Rais Ulysses Grant alisaini sheria ya sarafu yenye vifungu 67. Ni sheria ya kuchosha, imejaa mambo ya uzito wa sarafu, mishahara ya maafisa wa kiwanda cha kufua sarafu na vitu vya namna hiyo. Ukiisoma utakuta orodha ya sarafu ambazo serikali itazifua, na kwenye hiyo orodha dola ya kawaida ya fedha (fedha ile madini, silver) iliyokuwepo tangu enzi za George Washington haipo. Haikupigwa marufuku kwa sauti. Haikutajwa tu.

Kwanini hakuna aliyepiga kelele? Kwa sababu wakati ule fedha ilikuwa na thamani sokoni kupita kidogo ile ya kwenye sarafu, dola moja ya fedha ukiiyeyusha ilikuwa na thamani ya kama dola 1 na senti 3, kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu aliyepeleka fedha yake kufuliwa sarafu. Dola ya fedha ilikuwa kama haipo mtaani. Ila migodi ya Nevada ndiyo ilikuwa inafumuka na Ujerumani ilishaanza kuhamia kwenye dhahabu na kuiachia fedha yake sokoni, na ofisa aliyekuja kuwa bosi wa viwanda vya sarafu, Henry Linderman, alishaandika mwaka 1872 kwamba bei ya fedha inaelekea kushuka. Kwa hiyo kuna watu walijua. Grant mwenyewe inaonekana hakujua alichosaini, maana Oktoba mwaka huohuo aliandika barua akishangaa mbona fedha haiji kufuliwa sarafu, wakati kalamu yake ndiyo iliyofunga mlango miezi minane nyuma. Rais wa nchi huyo.

Ili uelewe uzito wa hilo lazima urudi nyuma kidogo. Wakati wa vita serikali ya Abraham Lincoln iliishiwa, ikaanza 1862 kuchapa noti za kijani ambazo huwezi kwenda nazo Hazina ukadai dhahabu, zikafikia mamia ya milioni. Zikashuka thamani sana, katikati ya 1864 noti ya dola 100 ilikuwa inapata dhahabu ya chini ya dola 40. Na serikali ilikuwa inakopa kwa kuuza hati fungani, na mwenye hela zake alikuwa anaruhusiwa kununua hizo hati kwa noti hizohizo zilizochoka. Vita vimeisha, swali linakuja: mkopeshaji alitoa noti, arudishiwe nini? Wakulima na wadaiwa wakasema arudishiwe noti kama alivyotoa. Machi 1869 sheria ya kwanza kabisa aliyosaini Grant baada ya kuapishwa ikajibu: arudishiwe sarafu, na kwa kuwa dola ya fedha ilikuwa kama haipo mtaani, kwa vitendo ni dhahabu; ile sheria ya 1873 ikaja kuufunga kabisa mlango wa fedha.

Piga hesabu ya haraka. Aliyenunua hati ya dola 100 kwa noti zenye thamani ya dola 40 za dhahabu, anakuja kulipwa 100 za dhahabu, na riba juu, na riba yenyewe ililipwa kwa dhahabu miaka yote hiyo. Nani analipa? Mlipa kodi, tena sehemu kubwa kwa ushuru wa forodha ambao ulikaa kwenye bei ya kila kitu alichonunua mkulima. Hapo Tweed anaonekana mtoto wa chekechea, na hakuna mtu hata mmoja aliyehitaji kuhongwa.

Kuna watakaosema nchi isingelipa deni lake kwa heshima isingekopesheka tena. Ni hoja, sikatai, na Marekani kweli ilikuja kukopa kwa riba ya chini sana baadaye. Lakini heshima hiyo ilikuwa na bili yake na waliopelekewa bili si wale walioipata heshima.

Halafu wakaendelea kukaza. Septemba 1873 benki ya Jay Cooke, yule aliyeuza hati za vita, ikaanguka na reli yake ya Northern Pacific, soko la hisa la New York likafungwa siku 10, uchumi ukaingia shimoni. Bunge likapitisha muswada wa kuongeza noti kidogo, Grant akaukataa Aprili 1874. Warepublican, chama cha Grant, wakashindwa vibaya uchaguzi wa wabunge mwaka ule, na kabla hawajakabidhi viti wakapitisha haraka haraka Januari 1875 sheria ya kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1879 noti zote zibadilishike kwa dhahabu. Bunge lililokataliwa na wapiga kura ndilo lililofunga mikono ya Bunge linalofuata. Kihalali kabisa, kwa kura, mchana kweupe.

Kwa mkulima wa Kansas au Nebraska hii kitu haikuwa nadharia. Ngano ilikuwa inacheza kwenye dola 1 kwa busheli (kipimo chao cha nafaka) mwanzoni mwa miaka ya 1870, kufika 1894 iko kama senti 50. Pamba kule Kusini ikafika karibu senti 5 kwa ratili. Sasa wewe umeweka shamba rehani kwa dola 1,000 wakati busheli 1,000 zingemaliza deni, leo unadaiwa busheli 2,000 na riba haijasikia habari ya bei kushuka, na mwenye reli ni mmoja hana mshindani na nauli ya mzigo anapanga yeye. Unalima zaidi ili ulipe, wenzako wote nao wanalima zaidi ili walipe, bei inashuka tena. Kusini ilikuwa mbaya zaidi, mkulima mweusi na mweupe maskini wote walikuwa wanachukua mbegu na unga dukani kwa mkopo wakiweka rehani mavuno ambayo hayajaota, na mwenye duka ndiye anayeshika daftari.

Haki itendeke lakini, bei haikushushwa na sera ya pesa peke yake. Reli, meli za mvuke, mashine za kuvunia, ngano ya Urusi na Argentina, ardhi mpya magharibi, vyote vilimwaga mazao sokoni. Ila bei ya mazao kushuka kwa sababu tumelima sana ni jambo moja, na dola ya deni kuwa nzito kwa sababu kuna watu wamekaa wakaamua pesa isiongezeke kwa kasi ya nchi inayokua ni jambo lingine, na hili la pili lilikuwa na majina, tarehe na saini.

Wakulima walipokuja kushtuka, na walishtuka kama miaka mitatu baadaye bei ya fedha ilipokwisha anguka, wakaiita sheria ile Jinai ya 1873. Hapa ndipo naachana nao njia kidogo. Ikazuka hadithi kwamba mtu wa mabenki ya London anaitwa Ernest Seyd alivuka bahari na mamia ya maelfu ya dola kuhonga Bunge la Marekani. Ushahidi hamna. Seyd mwenyewe alikuwa mpenzi wa sarafu ya fedha, alitaka ibaki! Na hadithi ikawa inaongezwa chumvi kila inapopita, wengine wakaitia chuki ya Wayahudi ndani yake. Ndio tatizo la kuwa umeibiwa kihalali, huwezi kuamini kuwa ilikuwa kihalali, lazima utafute bahasha. Na wakati unatafuta bahasha ambayo haipo, Seneta John Sherman aliyeisimamia ile sheria Seneti yuko palepale mbele yako, anakujibu kwa utulivu kwamba muswada ulikaa Bungeni miaka karibu mitatu na ulichapishwa mara kadhaa. Na hasemi uongo.

Kashfa zenyewe hazikukauka, tusije tukasema watu walikosa la kutazama. 1869 walanguzi Jay Gould na Jim Fisk walijaribu kuishika dhahabu yote ya New York wakimtumia shemeji yake Grant, Abel Corbin, awe anamshawishi rais asiuze dhahabu ya Hazina, mpaka tarehe 24 Septemba serikali ikamwaga dola milioni 4 na bei ikaporomoka. 1875 ikaja genge la whisky, watengenezaji pombe na wakusanya kodi wanagawana kodi ya serikali, katibu wa rais akashtakiwa. 1876 waziri wa vita William Belknap akajiuzulu dakika chache kabla Bunge halijapiga kura ya kumshtaki. Kila kashfa ina mtu wake na kila mtu ana gazeti lake, na ukijumlisha zote huwezi kufikia riba ya mwaka mmoja tu ya deni la taifa, ambayo ilikuwa zaidi ya dola milioni 100.

Wapenda mageuzi, watu wa makoti mazuri wa Boston na New York, wao waliona dawa ni moja: ajira za serikali zisigawiwe kichama. Garfield alipopigwa risasi Julai 1881 na Charles Guiteau, mtu aliyeamini ananyimwa ubalozi wake, hoja ikapata damu, na Januari 1883 sheria ya Pendleton ikapita. Mitihani ya kuingia kazini, na marufuku kumkata mtumishi mshahara kwa ajili ya chama. Maana kabla ya hapo karani wa posta au wa forodha alikuwa anakatwa asilimia 2 na kuendelea, na chama kinaendeshwa na hizo.

Sheria nzuri. Naiunga mkono hata leo. Lakini chama bado kinahitaji hela, kampeni hazikupungua hata nusu, na mfuko wa makarani ukifungwa unaenda kwa nani? Unaenda kwa wenye reli, mafuta, sukari na mabenki. Karani alikuwa anachangia ili abaki na kazi yake, hawa wanachangia ili ushuru wa forodha ukae wanavyotaka na dola ikae kwenye dhahabu. Hao hao waungwana wa makoti ndio pia walikuwa watu wa dhahabu, kwao noti za kijani na wizi wa kodi ni dhambi za ukoo mmoja, kwa hiyo walikuwa na macho makali sana kwa karani wa forodha na vipofu kabisa kwa mwenye hati fungani.

Na watetezi wa sarafu ya fedha nao wasijifanye malaika. Mwaka 1890 maseneta wa magharibi, wengine wa majimbo yaliyoingia juzijuzi, walifanya dili la wazi: nyie wa mashariki tupeni sheria ya serikali kununua fedha, sisi tunawapa ushuru mkubwa wa forodha wa mbunge William McKinley. Serikali ikalazimika kununua wakia milioni 4.5 za fedha kila mwezi, karibu fedha yote iliyochimbwa nchini. Mkulima alitaka pesa iongezeke, mwenye mgodi alitaka mteja wa uhakika, na kwenye hilo dili ni mwenye mgodi aliyeshiba.

Haikudumu. Wenye noti mpya, zile serikali ilizotoa kulipia hiyo fedha, wakawa wanaenda Hazina wanachukua dhahabu, Aprili 1893 akiba ikashuka chini ya dola milioni 100 ambazo kila mtu alizihesabu kama mstari wa hatari, Juni India ikafunga viwanda vyake vya sarafu, vikaacha kufua fedha ya watu binafsi (rupia hiyohiyo iliyokuwa inatumika Zanzibar na pwani yote), bei ya fedha ikadondoka kama jiwe, mabenki na makampuni ya reli yakaanguka kwa mamia. Rais Grover Cleveland akaita Bunge, sheria ya kununua fedha ikafutwa Novemba. Hali haikupona. 1894 Jacob Coxey akaongoza watu wasio na kazi kwa miguu kutoka Ohio hadi Washington, wanaomba serikali ichape noti za dola milioni 500 ijenge barabara watu wapate ajira, na pale Bungeni akakamatwa kwa kosa la kukanyaga majani. Akafungwa siku 20. Hebu linganisha na karipio la Oakes Ames.

Februari 1895 dhahabu ya Hazina inaisha kabisa, J.P. Morgan, mwenye benki wa New York, anaingia Ikulu. Akaja na mpango umekamilika mkononi, mpaka kifungu cha sheria ya wakati wa vita, 1862, kinachomruhusu waziri wa Hazina kununua dhahabu kwa hati fungani bila kurudi Bungeni. Morgan na wenzake, wakiwemo watu wa familia ya mabenki ya Rothschild kupitia August Belmont, wakaleta dhahabu ya dola milioni 65 na wakapewa hati za milioni 62. Walizichukua kwa 104 na nusu, wakaziuza kwa umma kwa 112 na robo, na sokoni zikafika 119. Kwa siku chache za kazi. Watetezi wa Morgan wanasema aliiokoa nchi, na kwa kanuni za ule mchezo ni kweli aliiokoa, dhahabu ilikuwa imebaki ya siku chache. Ila kanuni za mchezo ziliandikwa na nani? Ukishaamua kwamba dola ni dhahabu na hakuna kingine, umeamua pia kwamba mwenye dhahabu ndiye utakayempigia magoti siku ikiisha.

Ndo maana William Jennings Bryan, kijana wa miaka 36 kutoka Nebraska, aliposimama Chicago Julai 1896 kwenye mkutano wa Wademokrati uliompa tiketi ya urais, akasema hamtawasulubisha wanadamu kwenye msalaba wa dhahabu, ukumbi ulipasuka. Akazunguka nchi maili 18,000 kwa treni. Mpinzani wake wa Republican, yuleyule McKinley wa ushuru, akakaa barazani kwake Canton, Ohio, akawa analetewa watu kwa treni za nauli nafuu, na nyuma yake yuko Mark Hanna, mfanyabiashara wa makaa na chuma, ambaye alifanya kitu kimoja cha akili sana: badala ya kuomba omba michango, aliwapangia mabenki kiwango, robo ya asilimia moja ya mtaji, kama kodi vile. Kampuni ya mafuta ya Standard Oil ikatoa dola 250,000. Kamati ya McKinley ilikusanya kama dola milioni 3.5, Bryan hata milioni moja hakuigusa.

Bryan alishindwa pia kwa sababu zake. Mfanyakazi wa kiwandani Pittsburgh anayelipwa mshahara, ukimwambia unataka bei ya mkate ipande anakuona unaota, na Bryan hakuwa na jibu la kumridhisha. Lakini kuhusu hela ya Hanna hakuna aliyeweza kuita rushwa, maana hakuna sheria iliyokataza kampuni kuchangia. Makarani walishakatazwa, kampuni bado.

Kilichofuata kina kejeli ndani yake. Dhahabu ya Witwatersrand kule Afrika Kusini na teknolojia ya sianidi ya kuitenganisha na mawe vikaongeza dhahabu ya dunia kuliko alivyotarajia yeyote, migodi ya Klondike kule Kanada ikaongezea, na bei zikaanza kupanda baada ya 1896 kama Bryan alivyotaka, ila kwa njia ya adui zake. Machi 1900 McKinley akasaini sheria ya dola kuwa dhahabu tu, na hakuna aliyeandamana.

Miaka mitano baadaye, 1905, uchunguzi wa makampuni ya bima New York ukagundua kwamba New York Life ilitoa karibu dola 50,000 kwa kampeni ya Warepublican ya 1904, hela ya wenye bima za maisha, wakiwemo Wademokrati waliopiga kura upande wa pili bila kujua ada zao ziko wapi. Hapo ndipo nchi ikashtuka, magazeti yakawaka, na 1907 Bunge likapiga marufuku makampuni kuchangia kampeni za kitaifa. Swali ambalo michango ile ya 1896 ilitolewa ili lijibiwe, la dola iwe nini, lilikuwa limeshafungwa kisheria miaka saba nyuma.